Mkono wa Kushoto wa Pangusa

Mdogo wangu wanamwita Pangusa. Jina hilo kapewa gereji, kwa sababu ukimwambia "nisugulie gari" anakukata jicho. "Sufuria ndiyo inasuguliwa," atakwambia. "Gari linapanguswa." Mimi ndiye niliyemlea baada ya mama yetu kufariki, na nasema bila haya kwamba mdomo huo kautoa kwangu.

Kazi yake ni kutoa buibui. Siku ya kwanza aliponiambia, tuligombana. Alirudi amechoka, akakaa, akasema, "Leo nimeshinda natoa buibui kwenye gari la daktari."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke aliyevua buibui lake humo garini. Mke wa daktari anajua?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ni mikwaruzo. Gari likioshwa ovyo, kwa kitambaa chenye mchanga, rangi inachorekachoreka vimistari vyembamba kama nywele. Kivulini huvioni. Lisogeze juani, hasa gari jeusi, utaona vimeuzunguka mwanga kama utando wa buibui. Sawa, lakini si wangesema utando? Mimi sikukosea.

Kuvitoa kwa mkono kunataka subira. Anaosha kwanza, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Anakausha. Anatia polishi kidogo kwenye sponji, anashika sehemu ndogo kama sahani, anapeleka mkono mbele na nyuma, mstari ulionyooka. Hazungushi. Ukizungusha unaleta buibui mpya mahali pa yule wa zamani. Kisha anafuta, anainama, anachungulia kwa ubavuni. Mashine ipo pale gereji, lakini gari la zamani rangi yake imekonda, na mashine inaila kwenye kingo mpaka bati linaonekana. Magari hayo ndiyo yalikuwa yake.

Halafu kiharusi kikampiga. Mguu ulirudi ukichechemea, ulimi ulirudi mzima, tena upesi kuliko nilivyotaka. Mkono wa kulia haukurudi. Ukawa unaning'inia kama mkono wa koti.

Mwenye gereji alikuja kumjulia hali, akakalia kiti changu kizuri, akatoa pole zake. Kisha akasema, "Pona kwanza, mzee. Ukiweza, njoo tujaribu gari moja, tuone."

"Nitakuja."

"Na mkono?"

"Ninao mwingine."

Nilifurahi alivyojibu. Lakini mgeni alipotoka, mdogo wangu aligeukia ukutani. "Dada, nisiporudi pale, mimi nitakuwa nani? Mtu wa kukaa?"

Wenzake wakamletea mlango mweusi wa gari bovu, wakauegemeza ukutani uani, akaanza kujifunza kwa kushoto. Ikawa balaa. Mkono ule haukujua kwenda moja kwa moja, ulikuwa unazunguka tu kama unakoroga chai. Jua likipiga, buibui mlango mzima. Anaurudia, wanazidi.

Mimi nimepiga pasi nguo za watu tangu sijaota mvi. Nikamwambia, "Unasukuma kwa kifundo. Pasi inasukumwa kwa kiuno."

"Dada, gari siyo shati."

"Na wewe siyo mtoto mchanga, lakini nani kakufungia vifungo asubuhi?"

Nikamwita jirani, tukaulaza ule mlango juu ya meza yangu ya kupigia pasi. Nikachana shuka kuukuu, nikamfunga kiwiko kwenye mbavu ili mkono usipate nafasi ya kucheza. "Sasa nenda na mwili wote."

Akaenda na mwili, mbele na nyuma, kama anayebembeleza mtoto. Tulipoutoa nje juani, ulikuwa safi. Akaupitishia kidole. Mimi nikaenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa motoni.

Ila gari halilali mezani. Hilo hatukulifikiria, si yeye wala mimi.

Siku ya kujaribiwa nilimsindikiza, na hakuna aliyenialika. Walimpa gari kuukuu jeusi. Boneti akaipangusa vizuri, paa akalifanya amesimama juu ya benchi, vizuri vilevile. Milango ikamshinda. Imesimama wima, mkono lazima upande na kushuka, mwili hauusaidii kitu. Ulipochoka ukaanza kukoroga. Nilikuwa nauona pale nilipokaa.

Alipomaliza, wingu lilikuwa limefunika jua. Mwenye gereji akalizunguka gari, akatabasamu. "Safi kabisa! Kesho uanze."

Mimi nimeshasimama, mkoba begani. "Haya, twende."

Pangusa hakuondoka. "Ngoja jua litoke."

"La nini, mzee? Nimeshaona."

"Hujaona."

Nikamfinya. "We! Umeambiwa uanze!"

"Dada, niache."

Tukangoja. Mafundi wakaacha kazi zao, wakaja kusimama nasi kama watu wa msibani. Jua lilipotoka, boneti iling'aa kama maji kwenye karai. Milango ilikuwa buibui, mwanzo hadi mwisho. Pangusa mwenyewe akaweka kidole. "Hapa. Na hapa. Huku ndiyo kabisa."

Mwenye gereji akajikuna kichwa. Mimi nilikuwa nimeshamwandalia maneno yake, akinifukuzia ndugu yangu. Akasema, "Basi boneti, paa na buti viwe vyako. Milango atafanya mwingine."

Tangu aanze kazi, hakuna mtu aliyewahi kutia mkono kwenye gari la Pangusa. Nikangoja atupe kitambaa chini, maana mimi ningetupa.

"Huyo mwingine asizungushe," akasema. "Nitamkagua."

"Mkague, mzee."

Njiani nilishindwa kuvumilia. "Nusu gari! Mtu mzima unapewa nusu gari, nawe unashukuru!"

"Nusu ya juu, Dada. Ndiyo inayopigwa na jua."

La kumjibu nilikuwa nalo. Ila alikuwa ameshanitangulia kwa mguu wake ule mbovu, na mimi siwezi kumpigia mtu kelele barabarani.