Kwa Miguu ya Nani

Mwaka 2013 Nyakim alikuwa akifundisha fizikia katika sekondari moja ya kambini Kakuma, na hakuna kipimo kilichomtisha. Angstromu, ambayo bilioni kumi zake ndizo hutimiza mita moja, aliieleza kwa methali: maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Parsek, kipimo cha umbali wa nyota, aliigeuza kuwa miaka ya nuru huku anapangusa vumbi ubaoni. Kilichomshinda ni kilomita mia moja na ishirini za kwenda Lodwar. Mkimbizi hapiti kizuizi cha polisi bila kibali, na yeye, aliyeingia kambini mgongoni mwa mama yake, hakuwahi kukivuka.

Sasa chuo kimoja cha Lodwar kilikuwa kimemwita kwenye usaili. Bila stashahada ya ualimu angebaki mwalimu msaidizi mpaka azeeke. Kila asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, alipitia dirisha la vibali.

“Ejok, mwalimu,” Epuyo, karani wa pale, alimsalimu kwa Kiturkana. “Mwenye kutia sahihi amesafiri.”

“Atarudi lini?”

“Huyo hana kizuizi, dada. Atarudi akichoka.”

Siku ya usaili ikafika, kibali hakikufika. Nyakim akampigia simu Madam Jelagat, mkuu wa usaili, akamweleza.

“Una darasa hapo?” Jelagat akauliza. “Basi weka simu mezani ufundishe nisikie. Umbali wa nyota.”

Nyakim akaandika ubaoni: nyota iliyo jirani na jua letu iko umbali wa parsek 1.3. Ni kilomita ngapi?

Aliyenyoosha mkono ni Mou, mwanafunzi mwenye ndevu, aliyemzidi mwalimu wake umri. Akazidisha vizuri, akapata miaka ya nuru minne na ushei, akaweka chaki chini.

“Nimeuliza umbali, Mou.”

“Si ndio huo, mwalimu? Miaka minne na kidogo.”

Darasa zima likaitikia kwa vichwa. Nyakim akaitupia simu jicho. Kisha akakumbuka jinsi watu wote wa kambi hii wanavyopima safari.

“Mou, kutoka kwenu mpaka hapa ni mbali kiasi gani?”

“Mwezi mmoja.”

“Kwa miguu ya nani?”

“Ya nyanya yangu! Na yule mama alikuwa anasimama kila kivuli.”

Wakaangua kicheko.

“Na kwa lori?”

“Siku mbili, likiwa zima.”

“Basi mwezi peke yake haujanipa njia. Nitajie msafiri na mwendo wake.”

Mou akaukodolea ubao macho. “Nuru,” akasema polepole. “Kilomita laki tatu kila sekunde.” Akarudia chaki, akatafuta sekunde za mwaka mzima, sufuri zikamfikisha ukingoni mwa ubao: trilioni arobaini. Akarudi nyuma hatua moja. “Huyu nyanya hasimami kivulini!”

Simu ikacheka mezani.

“Nafasi ni yako, Nyakim,” alisema Jelagat. “Masomo yanaanza Jumatatu saa mbili asubuhi. Usichelewe. Kutoka huko ni pua na mdomo, saa tatu tu.”

Wanafunzi wakapiga makofi na madawati. Nyakim akasubiri watulie.

“Saa tatu kwa miguu ya nani, Madam?”

“Nitaandika barua,” akasema Jelagat. “Nitaandika leo.”

Jumatatu saa mbili Nyakim alikuwa dirishani, begi begani. Barua ilikuwa imefika. Mwenye kutia sahihi hakuwa amerudi. Epuyo alikwepa macho yake. Mbele yao, barabarani, ule mti wa kizuizi ulikuwa umelazwa kama kawaida, na mbuzi wa mtu walikuwa wakipita chini yake, mmoja mmoja, wakielekea Lodwar.