Mama Sori na simu ya bintiye

Saa moja asubuhi. Mama Sori anavaa visikilizio, anapiga funda la chai iliyokwisha poa, kisha anabonyeza kitufe. Upande wa pili mwanamume anafoka: siku ya nne hii, bomba halijatoa hata tone.

"Sori kwa usumbufu uliojitokeza," anajibu kwa sauti laini.

Katika kituo hiki cha simu cha kampuni ya maji, sori ndiyo sheria. Huja kwanza, maelezo baadaye, na kila simu hufungwa kwa swali lile lile. Msimamizi husikiliza kwa siri, na ole wake atakayesahau. Kwa simu mia na ishirini kwa siku, miaka kumi na mmoja, hata wenzake wamelisahau jina lake halisi.

"Watu wanaona ni neno dogo," anasema. "Ukimkanyaga mtu, sori. Mtu akijikwaa, sori. Akifiwa, sori. Mimi nimelitafuna mpaka limeisha utamu."

Mazoea yana taabu. Miezi saba iliyopita, bintiye wa pekee alimpigia asimpate, kwa kuwa wafanyakazi hufungia simu zao kabatini. Akapiga namba ya kituo, na kwa bahati akaunganishwa na mamake.

"Mama, mtoto wangu amefariki."

Ilikuwa simu ya tisini na kitu siku ile. Akili haijafika, mdomo ukatangulia: "Sori kwa usumbufu uliojitokeza. Je, kuna jambo lingine nikusaidie?"

Simu ikakatika.

"Mjukuu wangu alikuwa na miezi mitano," anasema, akifuta macho kwa kiganja. "Nilimwita usumbufu."

Mazishini alisimama nyuma, pamoja na wageni. Ujumbe anaotuma haujibiwi. Amekwenda nyumbani kwa bintiye mara tatu; kila mara mkwewe, kijana mpole, humtolea kiti nje na kumwambia, "Mama, bado hajawa tayari." Ndani humsikia bintiye akiosha vyombo.

Kwa nini asiache kazi? Anacheka, na cheko lenyewe linauma kulisikia. Ana miaka hamsini na miwili, nani atamwajiri?

Jumamosi atakwenda tena, bila hotuba.

"Kila nikitunga maneno, naona sori imeshakaa mbele. Nitaketi pale nje mpaka jioni. Akitoka kumwaga maji ya vyombo, anione. Hata asiponisemesha. Anione tu."