Kisanduku Mgongoni mwa Mtani

Hajira wa Sindeni hakuumbiwa kukaa kitako. Tangu usichana wake, alipokuwa akiuza machungwa pale njia panda ya Segera, wenzake walisubiri basi wakiwa wamejinyoosha ukutani, yeye amesimama wima, beseni kichwani, macho barabarani. Basi litoke Arusha, litoke Tanga, litoke Dar, mkono wa kwanza kugonga dirisha ni wake. Alilea watoto kwa miguu ile, na hakuna wa kumwambia kitu.

Kisha serikali ikawafungulia watu biashara. Aliyeweza akanunua basi, aliyekuwa na kiwanja barabarani akajenga hoteli ya abiria. Mzee Rehani alijenga yake, akamtoa Hajira dirishani akamtia jikoni. Miaka ikapita, zikaja hizi simu za kupapasa, abiria wakawa hawaulizi tena kama kuna supu, wanauliza kama kuna mtandao. Mzee akaweka mtandao. Akawapa vijana wausimamie, vijana wakawagawia paswedi waendesha bodaboda wote wa Segera, wakawa wanashinda nyuma ya ukuta wakivuta filamu, na abiria mwenye nauli yake anaambulia kiduara kinachozunguka tu.

Mzee akamwita Hajira kutoka jikoni. Watu wakacheka. "Mama wa machungwa na mtandao, wapi na wapi?"

"Huyu habembelezeki," mzee akawajibu. Yakaishia hapo.

Na kweli hakubembelezeka. Kila asubuhi alibadilisha paswedi, akaiandika kwa chaki kwenye ubao juu ya kaunta ya chipsi. Leo mbaazi, kesho ukwaju, keshokutwa jina la mbuzi wake. Bodaboda akija kwa unyenyekevu mwingi, "Shikamoo, mama Hajira," anajibiwa, "Marahaba, nunua chai uisome ubaoni kama wenzako."

Lakini kisanduku chenyewe cha mtandao kilikuwa na sikio moja, yaani antena moja, na sikio moja halisikilizi watu sitini. Basi moja likisimama, kinahema. Yakisimama mawili, kinazimia. Hajira alimsumbua mzee asubuhi na jioni mpaka mzee akachoka, akamwita fundi Yordani kutoka Korogwe. Yordani akaja na kisanduku kipya cha masikio manne, akapandisha antena nyingine juu ya paa, akapanga kila simu ipate muda wa kutosha mtu kula na kwenda haja, kisha ikatwe, mwingine naye apate.

Kwa ajili ya kisanduku hicho, mzee alipatana na Habakuki, mwenye mabasi ya Arusha. Alhamisi Habakuki angekuja ndani ya basi lake mwenyewe. Abiria wake wakipata mtandao, mabasi yake yote yatasimama pale. Wasipopata, yatasimama Korogwe mjini. Ndugu za mzee walikuwa wameshaanza kusema hoteli haina faida, afadhali igeuzwe ghala la mahindi. Basi hilo moja ndilo lililobaki kuwafunga midomo.

Jumatatu mzee Rehani akalala, asiamke.

Wakamzika Jumanne. Matanga yakakaa nyumbani kwake, nyuma ya hoteli tu. Hajira hakukaa matangani. Alipita. Alipita na sufuria, alipita na kuni, alipita na simu sikioni akimwita Yordani. Chozi halikuonekana. Na jeneza lilipokuwa likitolewa nyumbani, bibi Agripina alipomshika kanga akidai kuku wake wa utani, Hajira alimbandua vidole akamwambia, "Niache bwana, sina muda wa upuuzi."

Hapo ndipo alipokosea, na kosa hilo Mzigua mwenzake yeyote angemwambia. Agripina alikuwa Mnyamwezi. Babake aliletwa Korogwe kukata mkonge, akafia huko huko, na binti akabaki na utani wake mzima. Wazigua, kama Hajira na marehemu Rehani, na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani kwenye msiba wako hafukuzwi. Anavaa kanzu ya marehemu, anakohoa kama marehemu, anachukua anachotaka, nawe unakikomboa kwa adabu. Ukimnunia, umejitafutia.

Basi Alhamisi asubuhi Hajira akabadilisha paswedi, akaiandika ubaoni, akapita jikoni, kisha akarudi kutazama kisanduku kama taa zinawaka. Akakuta waya unaning'inia, kisanduku hakipo.

Hakuuliza. Alitoka mbio hadi matangani.

Akamkuta Agripina mkekani katikati ya wanawake, kisanduku amekibeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, masikio manne yamechomoza. Anakibembeleza.

"Nipe hicho!"

"Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo. Nipe."

"Marahaba, mtumwa wangu. Punguza sauti, mtoto wa Rehani amelala. Amefiwa na baba, hana mtu."

Wanawake wakacheka hadi wakajiziba kwa kanga. Hajira akanyoosha mkono kukivuta. Kutoka chumbani, nyuma ya pazia, ikaja sauti ya Maryamu, mjane, aliyekuwa ndani kwa eda.

"Hajira! Mtani hanyang'anywi. Usinitie aibu nyumbani kwangu."

Mkono ukashuka. "Haya, bibi. Nitakuletea kuku. Wawili."

"Kuku ilikuwa juzi. Bei imepanda, si mnasema soko huria?"

"Unataka nini, Mnyamwezi wee? Basi limeshapita Korogwe!"

"Nataka ukae."

"Nini?"

"Ukae. Hapa. Tangu Rehani azikwe mkeka huu haujaonja matako yako. Au umefiwa na mtandao peke yake? Kaa ule ugali na mimi. Ukimaliza, mchukue mwanao."

Hajira alitazama barabarani, akatazama mkeka. Magoti yake yalikuwa kama ya ngamia asiyefundishwa. Akakaa, nusu. Agripina akamvuta kanga akakaa yote. Sahani ikaja, ugali na kisamvu. Agripina akamega tonge dogo dogo, akatafuna kama bibi asiye na jino, kusudi. Kisha akakohoa, kile kikohozi cha mzee Rehani cha asubuhi, na kwa sauti ya mzee akasema, "Huyu habembelezeki."

Hajira akarudisha tonge sahanini. Akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Alilia kwa sauti, kamasi na kila kitu, na wanawake walioanza kucheka wakalia naye. Honi ikalia barabarani. Hakuinuka. Ikalia tena. Agripina mwenyewe ndiye aliyefungua kitenge.

"Nenda sasa. Mguu unao."

Alipofika hotelini abiria walikuwa wameshakula, simu mkononi, nyuso zimekunjwa. Habakuki, mtu mnene mwenye kofia, alisimama chini ya ubao.

"Mama, ubaoni nimesoma ukwaju, mtandao wenyewe nimeutafuta mara nne. Hamna kitu. Mzee aliniahidi."

"Mzee amefariki."

"Pole sana, nimesikia. Lakini mimi nina ratiba." Akawaashiria abiria wapande.

Hajira hakumwomba. Alichomeka waya. Taa ya kwanza ikawaka nyekundu, ikawaza. Nje injini ikanguruma, basi likarudi nyuma, likageuza pua. Taa ya pili. Hajira akakipiga kofi, jambo ambalo Yordani alimkataza. Ya tatu. Zote zikageuka kijani.

Basi lilikuwa limeshaweka tairi la mbele kwenye lami. Vidole vikaandika ukwaju waliousoma ubaoni, mara ting, ting, ting, dirisha hadi dirisha, meseji za tangu Arusha zikamiminika.

"Dereva, simama!"

"Simama bwana, mwanangu ananipigia kwa video!"

"Ukiondoka nashuka!"

Basi likasimama kichwa barabarani, mkia uani kwa marehemu Rehani, malori yakilipigia honi. Habakuki akashuka peke yake, kofia mkononi. Hajira alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu.

"Kilikuwa wapi?" Habakuki akauliza.

"Matangani. Mtani alikichukua."

Habakuki akaikung'uta kofia vumbi. "Kwetu pia wanachukua," akasema. "Walichukua baiskeli ya baba." Akavaa kofia. "Kesho ni mabasi mawili. Kisiwe matangani."

"Kesho ni hitima," Hajira akamjibu. "Mabasi yalete. Na wewe utakaa, utakula ugali kwanza."