Kidole cha Mama Okot

Barazani kwa haboba wangu Kaltuma, Makindye, nyuma ya ukuta wa kambi ya askari, tulikuwa watu sita, na niwataje wote kwanza asisahaulike mtu. Haboba mwenyewe, mama wa baba yangu. Sisi Wanubi bibi tunamwita hivyo. Rehema, mke mkubwa wa Ramadhani dereva wa lori, jirani yetu. Sauda, mdogo wake Rehema, tumbo moja. Nuru, mke mdogo wa huyo Ramadhani, naye ni mama yangu mdogo: alitoka kwao Bombo kuja kunilea mama yangu alipofariki, Ramadhani akamwona, akamwoa. Mama Okot, jina lake Filomena, Mwacholi, mke wa sajini wa polisi, aliyesomeshwa na masista. Na mimi Hawa, miaka tisa, nimekaa mkekani chini ya goti la Mama Okot, kazi yangu kumshikia karatasi zisipeperuke.

Mpaka leo nikisikia harufu ya ukindu unaochemshwa na rangi nyekundu, moyo unaruka kabla sijajua kwa nini. Wanawake wale walisuka vikapu kila siku baada ya alasiri, na mikono ikiwa na kazi, masikio hubaki na njaa. Mama Okot alikuwa na kitabu kinene cha Kiingereza, jalada limetoka. Alikifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, huku akitugeuzia kwa Kiswahili. Ilikuwa habari ya Ulaya ya zamani, enzi za magari ya farasi, ya ukoo mmoja tajiri wenye benki ambao hata wafalme walikuja kwao kukopa. Mzee wa ukoo anaugua tumbo, anakwisha kama mshumaa, na kila jioni mke wake kijana anampelekea kikombe cha supu. Basi, maoni yetu! Rehema alisema wabaya ni wana wa mzee, maana walicheka mno mezani. Haboba hakumhurumia hata kidogo: "Mtu ana funguo za benki nzima, halafu hana mtu wa kumwonjea chakula? Afe tu, mjinga huyo." Tukacheka mpaka ukindu ukatuponyoka.

Mvua zilipoanza, Ramadhani alirudi safarini akiwa amejishika tumbo. Ilikuwa zamu ya Nuru, akalala kwake, na kila jioni Nuru alimpelekea bushera, uji wa mtama, katika kikombe cha bati. Siku moja Sauda, bila kuinua macho kwenye kikapu chake, akasema, "Kikombe kile, kikombe hiki. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Dada Sauda, sema unalotaka kusema," Nuru akamjibu.

"Mimi? Mimi nasema habari za kitabu. Wewe umesikia nini?"

Ulimi hauna mfupa. Wiki haikuisha, maneno yakawa yamezunguka mstari mzima wa nyumba, na Sauda akataka wazee wakae Ijumaa, Nuru arudishwe Bombo kabla mwanamume hajafa. Rehema hakusema ndiyo wala hapana, alikuwa analia tu. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni: mama wa kwanza alikwenda kaburini, huyu wa pili anakwenda Bombo. Haboba ndiye aliyesema, "Ngojeni basi kitabu kiishe." Labda alitaka kuvuta muda, labda alitania, Mungu anajua. Lakini wote walikubali kitabu kiamue, na msitucheke. Sisi tulizoea maandishi ya aina mbili tu, Msahafu na hati za polisi, na hakuna hata moja linalofanya mzaha.

Alhamisi, Mama Okot akafungua karatasi za mwisho. Hakuna aliyesuka. Nuru alikuwa ameuzungusha uzi wa ukindu kidoleni mpaka ncha imekuwa nyeupe. Kidole cha Mama Okot kinatembea, sauti inatembea nacho: daktari ameitwa, kikombe kimechukuliwa kipimwe. Halafu kidole kikasimama. Nilikiona, kilikuwa mbele ya pua yangu. Sauti ikaendelea, laini vilevile: aliyetia sumu ni ndugu wa mzee, mtunza funguo, na yule mke kijana alipiga magoti mlangoni kwa uchungu. Alisema mengi, mazuri, na kidole hakikusogea hata unywele.

"Mbona hukufunua karatasi?" Sauda akauliza. Kisha akanigeukia. "Hawa, wewe uliyekaa hapo. Kidole kilikuwa kinatembea?"

Nilisikia bati la paa likilia kwa jua. Nikatazama mkono wa Nuru.

"Kilitembea," nikasema.

Haboba akachukua kikapu chake. "Haya, tusuke."

Ijumaa wazee hawakuitwa. Ilipita miezi ndipo hospitali ikasema Ramadhani ana vidonda vya tumbo, akapona kwa dawa na maziwa. Lakini Ijumaa ile isingengoja hospitali. Sauda hakuomba radhi, ila Nuru alipojifungua alimletea kikapu kizuri kuliko vyote alivyowahi kusuka. Naye Mama Okot, mumewe alipohamishiwa Gulu, aliniinamia sikioni: "Una macho makali, mtoto wangu. Asante kwa kuyafumba."

Leo mjukuu wangu Shamim ananisomea kwenye simu maoni ya watu juu ya kitabu kimoja, cha ukoo tajiri wa benki, enzi za farasi. Huyu anasema mwisho haukumridhisha, yule anasema alimjua mwuaji mapema, mwingine ametoa nyota mbili akaenda kula. Wanatupa maoni kama maganda ya ndizi, na hakuna anayefungiwa nguo zake kwenye shuka arudishwe kwao kwa ajili yake. Ni neema hiyo. "Haboba, labda ndicho kile chenu," Shamim akaniambia. "Nikusomee mwisho?" Nikamwambia azime simu tunywe chai.

Kama yupo msomaji wa Makindye ile, akaona nimekosea, labda Sauda alikuwa mkubwa na Rehema mdogo, labda kikombe hakikuwa cha bati, anisahihishe, sitaona haya. Ila nani alitia sumu katika supu ya yule mzee wa benki, hapo, tafadhali, mniache.