Koti Zima

Kazi ya Fundi ilikuwa kuhakikisha kazi yake haionekani. Kwa miaka ishirini na mbili alikaa chumba cha nyuma cha duka la dobi, kati ya mashine ya kufulia na dirisha, akiziba matundu yaliyoliwa na nondo, michomo ya sigara na mipasuko ya misumari kwenye nguo za watu. Viraka hakuweka. Alichomoa nyuzi ndani ya pindo la nguo ileile, mahali ambapo hakuna anayechungulia, akazipitisha moja moja juu na chini ya nyuzi za kitambaa mpaka tundu likafumwa upya. Mteja akija kuchukua suruali yake aliigeuzageuza kwenye mwanga, akauliza, "Sasa tundu lenyewe liko wapi?" Hapo bosi akajua kazi imekubalika. Mteja alilipa akaenda zake bila kuuliza nani kashona, na Fundi naye hakutegemea kuulizwa.

Nguo alizovaa yeye mwenyewe zilikuwa zile zilizosahauliwa dukani. Utaratibu wa bosi ulikuwa kwamba nguo isiyochukuliwa mwaka mzima wanagawana wafanyakazi, na Fundi, kwa kuwa ndiye mkongwe, alichagua wa kwanza. Basi alivaa blauzi ya mwalimu, sketi ya mtu aliyehama, na sweta la mtu ambaye huenda alishafariki, maana simu yake haikupokelewa tena. Zote zilikuwa zimepita mikononi mwake zikiwa na tundu hili au lile. Hakulalamika, kwa sababu zilikuwa nzuri kuliko ambazo angeweza kununua. Lakini kadiri umri ulivyosogea aliingiwa na hamu moja aliyoona haya kumwambia mtu: avae, walau mara moja, nguo ambayo hakuna mwili ulioitangulia wala sindano iliyoigusa tangu itoke kiwandani. Alitaka nguo nzima. Ni jambo dogo, lakini alilitaka kwa moyo wote.

Aliyeigundua siri hiyo ni mdogo wake. Walikuwa wakiishi pamoja vyumba viwili tangu wote walipobaki bila waume, mmoja kwa kifo, mwingine kwa hiari yake na kwa furaha. Mdogo mtu alikuwa mpokea wagonjwa kwenye zahanati ya meno, na simu haikumtoka mkononi hata akikaanga vitunguu. Siku moja alimkuta dada yake ameinamia picha ya koti la sufu la kijivu, lenye vifungo vitano na bitana ya buluu.

"Unalitaka?"

"Naangalia tu."

"Dada, hiyo picha unaiangalia tangu mwezi wa tatu. Toa pesa nikuagizie, tupumzike sote."

Fundi alitoa pesa. Koti lilifika Jumamosi mchana, mdogo wake akiwa bado kazini. Alinawa mikono kwanza, akatandika shuka safi kitandani, ndipo akafungua boksi. Alilishika kola, akalivuta taratibu, akalitandaza. Mgongoni, chini kidogo ya kola, palikuwa na mpasuko wa upana wa vidole vinne, ulionyooka kama mstari wa rula. Kuna mtu huko lilikotoka alifungua mzigo kwa kisu bila kuangalia kisu kinaishia wapi.

Aliketi kitandani. Aliumia, tena aliumia vibaya. Halafu mikono yake ikafanya ilichozoea kufanya kila ikiona mpasuko. Ilitafuta miwani. Ikatafuta sindano nyembamba. Ikafungua bitana, ikachomoa nyuzi sita za kijivu kwenye pindo, na Fundi akainama. Hakuamua kushona, kama vile mtu asivyoamua kupepesa macho. Saa kumi alasiri alikata uzi wa mwisho, akapiga pasi juu ya kitambaa chenye unyevu, akalitundika koti mlangoni.

Mdogo wake aliingia, akalikuta koti, akapiga vigelegele. Kisha akaona sura ya dada yake.

"Nini tena?"

"Lilikuja limechanika mgongoni."

"Wapi?" Alilizunguka koti mara mbili. "Sioni kitu."

"Nimeshapaziba."

"Umepiga picha kwanza?"

"Picha ya nini?"

"Ya mpasuko, dada! Wale wanarudisha pesa. Unapiga picha, unawatumia, siku tatu pesa zimerudi, unaagiza jingine." Mdogo mtu alijishika kiuno. "Mtu mzima analetewa kitu kibovu, badala ya kugomba anakitengeneza bure! Ungewafagilia na ofisi basi."

Katika miaka yote ile Fundi hakuwahi kuona mpasuko ukiwa na faida kwa mtu. Sasa aliambiwa kwamba tundu lile lilikuwa ndilo njia yake ya kupata nguo nzima, naye kaliziba kwa mikono yake.

Walijaribu hivyo hivyo. Mdogo mtu alipiga picha za mgongo wa koti, akachora duara jekundu mahali ambapo Fundi alimwonyesha kwa kidole, akazituma kwa muuzaji na maelezo marefu. Majibu yalikuja kwa adabu. Wanamshukuru mteja wao mpendwa, wamekagua picha, hawajaona kasoro. Alituma nyingine za karibu zaidi. Wakashukuru tena, hawakuona kasoro tena. Mara ya tatu waliandika kwamba kama mteja hajaridhika, anaweza kupeleka bidhaa kwenye ofisi yao ya mizigo ikakaguliwe.

Jumatatu Fundi aliomba ruhusa kazini, akaenda. Ofisi ilikuwa chumba kirefu chenye benchi, kaunta, na nyuma ya kaunta rafu mbili zilizoandikwa kwa kalamu nene: ZIMA na MBOVU. Karani alikuwa mwanamume mwenye upara na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Alilitandaza koti, akavaa miwani, akapitisha kiganja mgongoni, akageuza bitana, akavua miwani.

"Mama, koti hili halina tatizo."

"Lina tatizo. Nimelishona."

"Umeshona wapi?"

Alimwonyesha. Karani aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa sufu. Watu wawili kwenye foleni nao wakasogea. Mmoja wao, mama mwenye ndoo ya plastiki iliyopasuka kitako, akasema haoni kitu, na akawaomba wamsamehe.

"Hakuna sindano ya kufanya hivyo," karani alisema. "Mimi nimekaa hapa miaka tisa. Watu wananiletea hadithi za kila aina, lakini hii ya leo ni mpya."

"Nipe mkasi."

Alikata nyuzi mbili, akavuta ya tatu, na mpasuko ukafunguka wote, vidole vinne. Fundi alimwangalia karani akitarajia kwamba mambo yamekwisha.

"Haya," karani akasema polepole, "sasa hapa nimeona kwa macho yangu mteja akichana bidhaa kwenye kaunta yangu."

Foleni ililipuka kwa kicheko, na mama wa ndoo alicheka kuliko wote. Fundi hakucheka. Alikuwa na hasira ambayo hakuizoea, kwa sababu kazi yake haikuwahi kumpa nafasi ya kubishana na mtu. Likiwa limeshonwa halikuwa na kasoro. Likifumuliwa, mwenye kosa ni yeye.

"Kaka," akasema, "nitalishona tena hapa hapa, wewe unaangalia. Nikimaliza, utafute. Ukipaona, naondoka na koti langu na hutaniona tena. Usipopaona, ujue niliyokwambia ni kweli."

Karani alijikuna upara. Pengine alimwamini kidogo, pengine alichoka na asubuhi yake. Akamwambia akae kwenye benchi.

Sindano alikuwa nayo. Hakuwahi kutoka nyumbani bila sindano. Alikaa chini ya dirisha, akachomoa nyuzi mpya, akaanza. Mwanzo watu walitazama kwa mzaha. Baadaye mzaha ukaisha, wakawa wanatazama tu. Mama wa ndoo alihudumiwa akarudishiwa pesa zake, lakini hakuondoka, alikaa kando ya Fundi na kila baada ya muda alinong'ona, "Ebo!" Karani alihudumia watu shingo ikiwa upande. Fundi alijua wanamwangalia na masikio yakawa ya moto. Hakuna aliyewahi kumwangalia akishona, hata bosi. Ilikuwa aibu, na pia ilikuwa tamu, na hakutaka imalizike upesi ingawa mikono ilienda kwa kasi yake ya kawaida.

Saa saba na nusu alilirudisha koti kaunta. Karani alivaa miwani, akatafuta. Aliita msimamizi kutoka ofisi ya ndani, naye akatafuta. Waliwasha taa ya mezani. Mwisho msimamizi aligusa mahali fulani kwa kidole na kumtazama Fundi kwa matumaini.

"Hapana," Fundi alisema. "Umekosea kwa kiganja kizima."

Walimpa karatasi asaini. Pesa zote zitarudi, walimwambia, na koti linabaki kwao. Akiwa mlangoni aligeuka, akamwona karani amesimama na koti mkononi mbele ya zile rafu mbili, akiangalia moja, akiangalia nyingine. Halafu akalikunja vizuri, akaliweka kwenye ZIMA. Ilimgusa Fundi kidogo, lakini alikuwa na njaa na alitaka kuwahi kazini.

Pesa zilirudi siku ya nne. Siku ya tano mdogo wake aliagiza koti lilelile, saizi ileile. Likafika Alhamisi jioni, na safari hii mdogo mtu alifungua boksi mwenyewe, simu imeshawashwa tayari kwa picha. Alikagua mbele, nyuma, mikono, mifuko, akaweka simu chini.

"Hili sawa kabisa. Vaa tulione."

Fundi alilivaa mbele ya kioo. Lilimkaa mabegani vizuri. Alipandisha mkono nyuma ya shingo kunyoosha kola, vidole vikateremka chini kidogo kama vilivyozoea, na hapo vikasimama. Mtu mwingine asingehisi kitu. Yeye alihisi nyuzi zake zote, na ile ya tatu kutoka kushoto, ambayo aliivuta kwa nguvu kupita kiasi kwa sababu mama wa ndoo alikuwa amemgusa bega.

Alisimama hivyo, mkono mgongoni. Alikasirika sana. Akafikiria kaunta, mkasi, foleni na kicheko, akaona kwamba nguo nzima hataipata, si kutoka kwa watu hawa, na huenda si kwa mikono aliyo nayo.

"Vipi, dada?" mdogo wake aliuliza. "Ni zima?"

Alifunga vifungo vyote vitano kabla ya kujibu.

"Zima," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kushika sindano alitamani mtu ambishie.