Shingo ya Dada

Dada yangu haoni tangu akiwa na miaka minne, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa mpokea simu wa kampuni ninayofanyia kazi ya utarishi. Ofisini wanamwita Redio, maana hanyamazi, na sauti akiisikia mara moja haimpotei.

Mwaka huu kampuni ilijenga jengo jipya ng'ambo ya barabara. Meneja akasema wazi: kule kuna ngazi nyingi na lifti mbili, naye hataki mtu wa kushikwa mkono. Dada afike mezani kwake bila msaada, la sivyo astaafu. Kwa kuwa mafundi walikuwa bado wanapaka rangi, jengo likatiwa kwenye kompyuta kama mchezo. Dada angevaa vipokea sauti masikioni, abonyeze vitufe vya mishale, na asikie kila kitu mahali pake: lifti inalia ting, feni inavuma ukumbini, bomba linadondoka chooni. Angepewa majaribio matatu. Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma yake, nikaambiwa nisitoe neno.

Jaribio la kwanza alinasa ndani ya stoo ya mifagio. Kwenye kioo cha kompyuta nilimwona, kijimtu cha kijivu kinagonga ukuta. Tup. Kinarudi nyuma. Tup.

"Lifti iko kulia," alisema Dada, akageuza uso kulia. "Bado iko kulia." Akageuka zaidi. "Jamani, hii lifti ina miguu?"

Fundi wa kompyuta alicheka. Meneja akatazama saa.

Dada husaka njia kwa shingo. Hugeuza uso polepole mpaka sauti ijae sawa masikio yote mawili, ikae mbele ya pua, kisha huifuata. Lakini vipokea sauti vilikuwa vimembana kichwani. Akigeuka, navyo vinageuka, na lifti inabaki kwenye sikio lile lile. Kijimtu hakikuwa na habari na shingo yake. Niliyaona hayo yote nikiwa nyuma ya kiti chake.

Jaribio la pili alinasa stoo ile ile, dakika arobaini. Jasho lilimtiririka. "Nitoeni humu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo. Alikuwa amekaa kitini, mlango wa chumba uko wazi, lakini mkono wake ulipapasa hewa ukitafuta ukuta.

Wakati wa chakula cha mchana nilimnong'oneza.

"Dada, ukigeuza shingo, yule wa kwenye kompyuta hageuki. Anageuzwa na kitufe tu."

"Umelijua lini hilo?"

"Tangu jaribio la kwanza."

"Ukanyamaza!"

"Nilikatazwa."

"Mdogo wangu, wewe hata ukizama utaomba ruhusa ya kupiga kelele."

Jaribio la tatu, shingo ikamshinda, akajikuta stoo tena. Mazoea ya maisha yote hayaachwi kwa saa moja. Alipogeuka mara ya pili nilisimama, nikamshika kichwa kwa viganja viwili, nikakikaza kitazame mbele. Kila sauti ilipolia nilihisi mishipa ya shingo yake ikivuta kama mbuzi aliyefungwa kamba.

"We tarishi! Hairuhusiwi!" meneja akafoka.

"Ulimkataza kusema," Dada akajibu, vidole vikiendelea kubonyeza. "Amesema nini?"

Akatoka stoo. Akaifuata feni, akapata lifti, akafika mezani.

"Haihesabiki," meneja akasema. "Kazini atakushika kichwa nani?"

"Kazini shingo ni yangu. Nipeleke kwenye jengo lenyewe, sasa hivi."

"Na ukipotea?"

"Barua ya kustaafu si unayo mfukoni? Naisikia inachakarika tangu asubuhi."

Tukavuka barabara. Dada akaingia peke yake na fimbo yake. Mimi na meneja tukabaki kwenye kibanda cha mlinzi. Dakika kumi. Ishirini. Nilitazama madirisha ya ghorofa ya tatu, iliko meza yake, hakuna kilichosogea. Meneja akatoa barua, akaikunjua, akamwomba mlinzi kalamu.

Simu ya kibandani ikalia. Mlinzi akasikiliza, akampa meneja. Sauti ya Dada tuliisikia sote.

"Karibu kampuni yetu, nikuunganishe na nani?"

Meneja akamrudishia mlinzi kalamu.

"Basi waambie mafundi rangi ya ngazini haijakauka. Mkono wangu wote umeharibika."