Nesi wa Plasta

Amedeus, dereva wa gari la wagonjwa Songea, fundi wa usukani kuliko wote mpaka Tunduru, anaweka dau la kreti ya soda kwamba hamtamwamini. Nesi anayembeba garini mwake haongei. Huchana plasta kwa meno, hutazama saa iliyoning'inia kifuani, huipulizia kalamu, huandika juu ya plasta sindano aliyochoma na saa yake, kisha huibandika kwenye paji la uso la mgonjwa. Gari lirukeruke lisirukeruke, ataandika. "Nesi, huyo si gunia la mahindi!" Amedeus humtania. Nesi huchana nyingine.

Siku lori la mnunuzi binafsi wa korosho lilipopinduka, walimleta utingo aliyevunjika paja. Hospitalini nesi alikwenda kunawa damu. Aliporudi, daktari kashika sindano ya maumivu. Yule asiyeongea akapiga ukelele, akamdaka mkono. "Keshachomwa saa nne na robo, daktari! Ukirudia ataacha kupumua! Nimeandika!"

"Umeandika wapi?"

Paji la utingo lilikuwa tupu. Nesi akanyoosha kidole mlangoni. Plasta ilikuwa kwenye paji la Amedeus, aliyekuwa anawachekesha walinzi nayo. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Alikosea kuibandua kwa utingo kwa mzaha.